Wako wapi walimu wanaume wa darasa la kwanza?

UKIPITA karibu na uwanja wa shule ya msingi hapa Nairobi wakati wa mapumziko, tega sikio. Mtoto aliyechokozwa na mwenzake atakimbia kushtaki. Akimwendea mwalimu wa kike atalia, "Madam, huyu amenipiga!" Akimwendea wa kiume atasema, "Mwalimu, huyu amenipiga!" Wote wawili wamesomea kazi ile ile na wanashika chaki ile ile. Lakini katika kinywa cha mtoto, mwanamume ndiye "mwalimu" na mwanamke ni "madam".

Jina hilo halikuzuka tu. Shule zilipoanza katika nchi hii, aliyesimama mbele ya ubao alikuwa mwanamume, naye akalichukua jina lote la kazi. Mwanamke alipofika baadaye alikuta jina limeshikwa, akapewa la kuazima.

Siku hizi mambo yamegeuka, hasa katika jiji hili. Fanya jaribio dogo jioni ya leo. Mkalishe mwanao, umwambie akutajie walimu wote waliomfundisha tangu nasari hadi darasa alilofika. Andika wanawake upande huu wa karatasi na wanaume upande ule. Ikiwa unaishi Kibera au Kawangware, na mwanao hajavuka darasa la tatu, usishangae upande wa wanaume ukibaki mtupu.

Je, kuna ubaya wowote? Kabla hatujajibu, tuvuke bahari kidogo tujilinganishe na wenzetu, kwa maana ajitazamaye peke yake kwenye kioo hajui kama ni mrefu au mfupi.

Nchi mbili, hesabu mbili

Chukua England, sehemu yenye watu wengi zaidi katika Uingereza. Ukiwapanga mstarini walimu 100 wa shule za nasari na za msingi zinazogharimiwa na serikali kule, wanaume watakuwa 15 hivi, au pungufu kidogo. Zaidi ya robo ya shule za msingi hazina mwalimu mwanamume hata mmoja. Maana yake ni kwamba mtoto anaweza kuingia shuleni akiwa na umri wa miaka 4, akatoka akiwa na miaka 11, na mwanamume pekee aliyemzoea humo akawa yule anayetunza majengo.

Sasa rudi nyumbani. Wapange walimu 100 wa shule za msingi za umma za Kenya. Utakuta takriban nusu kwa nusu, wanawake wakiwa wamewazidi wanaume kidogo. Hali haikuwa hivyo siku zote. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, wanaume walikuwa karibu theluthi mbili ya walimu wote wa msingi hapa nchini.

Kwa majirani zetu wanaume bado wanatawala darasa. Uganda ni karibu 6 kwa kila walimu 10. Katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ni karibu 7 kwa kila 10. Ukichukua dunia nzima kwa jumla, wanawake ndio karibu theluthi mbili ya walimu wa shule za msingi.

Kwa haraka mtu atasema, "Basi sisi hatuna shida. Shida ni ya Waingereza." Pole pole. Hesabu ya taifa zima ni kama sufuria ya githeri. Ukiambiwa kwamba mahindi na maharagwe ni nusu kwa nusu, bado hujui kijiko chako kitachota nini. Ili tujue kilichomo katika kijiko cha mtoto wa Kibera, lazima kwanza tujue githeri hii ilipikwaje.

Kazi iliyoanza kwa wanaume

Sehemu ya jibu iko karibu na Kawangware kuliko unavyodhani. Si mbali na mtaa huo, upande wa Lower Kabete, ndipo ilipofunguliwa Jeanes School mwaka 1925. Leo mahali hapo ni chuo ambako maafisa wa serikali huenda kupata mafunzo. Wakati ule kazi yake ilikuwa kuwaandaa walimu wa Kiafrika ambao wangezunguka katika shule za vijijini wakiwasaidia wenzao. Walioitwa kusomea kazi hiyo walikuwa wanaume. Wake zao walikuja pamoja nao, wakafundishwa mambo ya nyumba, usafi na malezi. Ndivyo kazi ilivyogawanywa tangu mwanzo: mume ubaoni, mke nyumbani.

Si ajabu, basi, kwamba viongozi wetu kadhaa wa mwanzo walipitia darasani. Daniel arap Moi alisomea ualimu Tambach na kufundisha kabla ya kuingia katika Baraza la Kutunga Sheria mwaka 1955. Jomo Kenyatta, baada ya kurejea nchini mwaka 1946, alikiongoza chuo cha walimu cha Githunguri. Kwa kijana Mwafrika aliyejua kusoma na kuandika, ualimu ulikuwa miongoni mwa kazi chache za heshima zilizokuwa wazi kwake. Msichana naye mara nyingi hakupelekwa shule kabisa, au aliondolewa kabla ya kumaliza. Angekuwaje mwalimu?

Wanawake waliongezeka katika ualimu kadiri wasichana walivyoongezeka madarasani na vyuoni. Kwa hiyo kule kupungua kwa wanaume kutoka theluthi mbili hadi nusu si msiba wa taifa. Kwa sehemu kubwa ni matunda ya kuwasomesha binti zetu, na mzazi yeyote mwenye busara atayafurahia.

Waingereza walikuja kwa njia nyingine. Baada ya sheria ya elimu ya mwaka 1870, shule zilienea na walimu wengi wakahitajika upesi. Mwanamke alilipwa kidogo kuliko mwanamume, na serikali za mitaa zikaona nafuu. Kufikia mwanzo wa karne ya 20, karibu robo tatu ya walimu wa shule za watoto wadogo kule walikuwa wanawake. Halmashauri nyingi zilimwachisha kazi mwalimu wa kike mara tu alipoolewa, desturi iliyokomeshwa na sheria ya mwaka 1944. Mshahara sawa kwa walimu wa kike na wa kiume uliingizwa hatua kwa hatua kati ya mwaka 1955 na 1961.

Hata hivyo, mshahara uliposawazishwa wanaume hawakumiminika katika shule za msingi. Wengi waliopenda ualimu walikwenda shule za upili. Sababu zinazotajwa ni kwamba kazi nyingine za wasomi hulipa vizuri zaidi, kwamba kukaa na watoto wadogo huonekana kuwa kazi ya kike, na kwamba mwanamume anayependa kuwa karibu na watoto huogopa kushukiwa ubaya.

Umeona, msomaji? Kongo wanaume ni wengi kwa sababu mlango haujafunguka vya kutosha kwa wanawake. Uingereza ni wachache kwa sababu wanaume wenyewe wameupa mlango kisogo. Idadi kubwa ya wanaume si dalili ya afya, wala idadi ndogo si ugonjwa wa aina moja. Lazima uulize kila mara: hawa walifikaje hapa, na wale wameondoka kwa nini?

Nairobi si Turkana

Kenya imezibeba hali hizo mbili ndani ya mipaka yake. Nenda Turkana, Wajir au Mandera, utakuta shule nyingi za msingi ambako mwanamume ndiye mwalimu wa kila somo na msichana anamaliza shule bila kuwa na mwalimu wa kike wa kumwambia siri zake. Njoo Nairobi, hali ni kinyume. Katika shule za msingi za umma hapa jijini, wanawake wamekuwa wengi mno kuliko wanaume kwa miaka mingi.

Sababu moja unaijua, maana huenda imekugusa katika ukoo wako. Mwanamume anapata kazi mjini, katika ofisi, benki au kiwanda. Mkewe ni mwalimu kijijini. Wanaomba uhamisho ili waishi pamoja, naye mama anapewa nafasi jijini. Ni nadra mume mwalimu kuomba uhamisho amfuate mke afanyaye kazi Nairobi. Aidha, kodi ya nyumba ya Nairobi humla mwalimu wa kiume anayetarajiwa kuilisha familia kwa mshahara huo mmoja. Kule mashambani ana nyumba, ng'ombe na shamba la mahindi vya kumsaidia, kwa hiyo anaona afadhali abaki huko.

Kwa hiyo ukisimama nje ya shule za umma za eneo la Kibera, kama vile Olympic, Ayany, Kibera au Toi, au ukipanda matatu ya 46 ukaenda mpaka Kawangware na Gatina, umo ndani ya Kenya inayofanana na England kuliko inavyofanana na Lodwar.

Vijana wa akademi

Lakini watoto wengi wa mitaa hii hawasomi katika shule za umma. Elimu ya msingi bila malipo ilipoanza Januari 2003, idadi ya wanafunzi wa shule za msingi nchini ilipanda kutoka karibu milioni 5.9 hadi milioni 7.2. Madarasa yalijaa hadi mlangoni. Wazazi wengi wa mitaa ya mabanda walibaki na akademi zao, zile shule ndogo za mabati zilizo katikati ya nyumba, ambazo mtoto huzifikia bila kuvuka barabara kubwa. Mtafiti Mwingereza James Tooley na wenzake walipozunguka Kibera muda mfupi baadaye, walihesabu shule za kibinafsi 76, za msingi na za upili, zenye wanafunzi 12,132.

Humo katika akademi ndimo utakamowakuta walimu wa kiume kwa urahisi zaidi. Wengi ni vijana. Mmoja amemaliza kidato cha nne na anangoja nafasi ya chuo. Mwingine ana cheti cha ualimu na amekaa miaka akiisubiri Tume ya Kuwaajiri Walimu, TSC. Karo hulipwa kwa vipande, mzazi akipata kibarua analeta, akikosa anaomba asubiriwe. Mshahara wa mwalimu unafuata mwendo huo huo, nao uko chini sana ya ule wa mwenzake wa serikali.

Je, utamlaumu kijana huyo akiondoka? Akipata nafasi ya chuo ataondoka. Akiitwa na TSC ataondoka, hata kama ni kwenda mbali. Akipata kibarua cha mjengo kinacholipa kila jioni, huenda vile vile akaondoka. Shule zilipofungwa Machi 2020 kwa sababu ya korona, hadi zilipofunguliwa kwa wote Januari 2021, walimu wengi wa akademi walikaa bila mshahara. Wako waliouza mboga, wako walioshika bodaboda, na wako ambao hawakurudi tena darasani.

Matokeo yake ni kwamba mtoto wa akademi anaweza kuwaona walimu wanaume watatu kwa mwaka mmoja na asimjue hata mmoja. Ndiyo, wamo katika hesabu. Lakini mtoto hajengi imani juu ya mtu aliyeondoka kabla hajajifunza kulitamka jina lake sawasawa.

Darasa gani?

Sasa tumefika kwenye kiini cha jambo. Tukihesabu walimu wa shule nzima bado tunajidanganya. Swali si kwamba shule ina wanaume wangapi. Swali ni wanaume hao wanafundisha darasa gani.

Wengi wetu tuliosoma chini ya mfumo wa 8-4-4 tunaikumbuka ratiba. Nasari alikuwapo madam. Darasa la kwanza, la pili na la tatu ni madam. Darasa la nne mwalimu wa kiume mmoja alichungulia, pengine wa sayansi. Darasa la saba na la nane ndiko walikojaa: wa hisabati, wa sayansi, wa michezo, naibu wa mwalimu mkuu, na mwalimu mkuu mwenyewe. Wadogo walipewa akina mama kwa kuwa "wanajua kubembeleza". Wakubwa walipewa wanaume kwa kuwa "wanajua kutuliza darasa", na kwa kuwa huko ndiko kulikokuwa na mtihani wa KCPE ambao ulimpa mwalimu jina.

Waingereza nao wana desturi kama hiyo. Wanaume ni wachache mno katika shule zao za msingi, lakini tazama kiti cha mwalimu mkuu: karibu mmoja kwa kila wanne ni mwanamume. Chini kabisa, kwa watoto wa umri wa nasari, wanaume ni kama 3 tu kwa kila wafanyakazi 100. Hapa Kenya pia, zaidi ya 8 kwa kila walimu 10 wa nasari ni wanawake. Katika jambo hili nchi hizi mbili zilizoonekana kuwa mbali zinakaa kiti kimoja. Mwanamume akiingia shule ya msingi hupanda ngazi upesi kuelekea darasa la juu na ofisi, na mtoto mdogo hubaki chini asimwone.

Mabadiliko ya hivi karibuni yameongeza umbali huo. KCPE ilifanywa kwa mara ya mwisho mwaka 2023. Tangu mwaka huo, gredi ya 7, ya 8 na ya 9 ni shule ya sekondari ya chini, yenye walimu wake, ingawa mara nyingi iko ndani ya ua ule ule wa shule ya msingi. Baadhi ya walimu wa msingi wenye vyeti vya juu wamehamishiwa huko. Madarasa yale yaliyokuwa na wanaume wengi yametoka katika shule ya msingi, na shule ya msingi yenyewe imebaki na gredi 6. Mwanao akiwa gredi ya pili leo, mwalimu wa kiume yuko mbali naye zaidi ya alivyokuwa mbali nawe.

Je, mtoto anapata hasara?

Tuseme ukweli. Kama unauliza juu ya alama za mtihani, wataalamu hawajakubaliana. Utafiti uliochapishwa Uingereza mwaka 2008, uliochunguza madarasa zaidi ya 400 ya watoto wenye umri wa miaka 11, haukuona kwamba wavulana hufanya vizuri zaidi wakifundishwa na mwanamume, wala wasichana wakifundishwa na mwanamke. Mchumi wa Marekani, Thomas Dee, alipochunguza wanafunzi wakubwa kidogo wa darasa la 8 nchini mwake, alipata kwamba mwalimu wa jinsia moja na mwanafunzi alileta tofauti. Kwa hiyo mtu asikudanganye kwamba mwanao ameanguka hesabu kwa sababu anafundishwa na mwanamke. Wanawake hawa ndio waliowafundisha kusoma na kuandika wengi wa watoto wa jiji hili, mara nyingi wakiwa na darasa ambalo wewe na mimi tungelikimbia.

Hasara iko kwingine. Fikiria siku ya mtoto wa miaka 7 anayeishi Gatwekera au Laini Saba. Baba, kama yupo, huondoka alfajiri kwa miguu kwenda kutafuta kazi Industrial Area, na hurudi mtoto amelala. Si kwamba hampendi. Ni safari na kazi. Mtoto mwingine hana baba nyumbani kabisa. Wanaume anaowaona mchana ni wale walioketi kwenye kona wakingoja kazi, makanga wanaoning'inia mlangoni pa matatu, na wanaoingia kwenye mchezo wa kamari. Ni ndugu zetu, na wengi ni watu wema. Lakini mtoto huyo hajamwona mwanamume ameinamia dawati, ameshika kitabu cha hadithi na anamsubiri kwa subira mtoto asiyejua herufi. Atajuaje kwamba kusoma ni kazi ya wanaume pia?

Usifikiri ni mvulana tu. Msichana naye anahitaji kumjua mapema mwanamume mtu mzima anayemsikiliza, anayemsahihisha bila kumtisha, na asiyetaka chochote kutoka kwake. Akimjua mmoja wa namna hiyo akiwa mdogo, atamtambua upesi yule wa namna nyingine akiwa mkubwa.

Kiboko na hofu

Kuna mzazi atakayesema, "Kweli, tunataka wanaume shuleni. Watoto wamekosa adabu." Mzazi huyo hataki mwalimu, anataka kiboko chenye suruali.

Tulizoea vibaya. Madam akichokozwa sana alimwambia mtukutu, "Nitakupeleka kwa mwalimu!" na mtoto akatetemeka. Mwalimu wa kiume akawa kama askari wa shule. Sheria imeliondoa jambo hilo. Kuchapa wanafunzi kulipigwa marufuku nchini mwaka 2001, na Katiba ya mwaka 2010 inamlinda kila mtu dhidi ya adhabu ya viboko. Kumwita mwanamume darasa la kwanza ili awe fimbo ni afadhali asije kabisa.

Mzazi mwingine ataogopa zaidi ya fimbo, naye ana haki. Mwaka 2010 ilitangazwa kwamba zaidi ya walimu 1,000 wa Kenya walikuwa wameachishwa kazi katika muda wa miaka miwili kwa kuwadhulumu wasichana kingono. TSC ilitoa waraka mwaka huo huo wa kuwalinda wanafunzi. Hatuwezi kuficha jambo hili na kuimba sifa za walimu wanaume kana kwamba halikutokea.

Lakini dawa ya wezi si kuifunga duka. Dawa ni taa na kufuli. Mlango wa darasa ubaki wazi. Mtoto asitumwe nyumbani kwa mwalimu, awe wa kike au wa kiume. Mtoto ajue anaweza kusema, na akisema asikilizwe. Akademi imuulize kila anayeomba kazi alifundisha wapi na kwa nini aliondoka huko. Masharti hayo yakiwekwa kwa wote, mwalimu mwema hana la kuogopa, na mbaya hapati pa kujificha.

Mzazi afanye nini?

Kwanza, hesabu kwa darasa. Katika mkutano ujao wa wazazi, usiulize, "Shule ina walimu wanaume wangapi?" Uliza, "Gredi ya kwanza hadi ya tatu ina wangapi? Na nani anafundisha hisabati katika gredi ya 6?" Kwa maana kosa lina pande mbili. Kama mwanamume hashuki kwa wadogo, huenda madam naye haruhusiwi kupanda kwa wakubwa. Binti yako anahitaji kumwona mwanamke akifundisha hisabati na akikalia kiti cha mwalimu mkuu, kama vile mwanao wa kiume anavyohitaji kumwona mwanamume akifundisha a, e, i, o, u. Mwalimu mkuu hana uwezo wa kuajiri apendavyo, lakini ana kalamu ya kupanga ratiba. Mwanamume mmoja wa darasa la sita anaweza kuwasomea hadithi watoto wa darasa la kwanza mara mbili kwa wiki bila shilingi moja kuongezwa.

Pili, kama mwanao yuko akademi, fahamu kwamba karo unayochelewesha ndiyo inayomhamisha mwalimu wake. Wakati mwingine huna, na hilo linaeleweka. Lakini siku ambayo unayo, mwalimu awe mbele ya king'amuzi cha televisheni.

Tatu, baba, usimwachie mwalimu kazi yote. Jumapili kama hii uko nyumbani. Chukua gazeti hili, mkalishe mtoto karibu nawe, msome pamoja hata ukurasa mmoja. Hata kama wewe mwenyewe unasoma kwa kusitasita, mtoto ataona kwamba mwanamume mzima bado anajifunza.

Nne, neno kwa wewe mwanafunzi wa kidato cha nne unayeyasoma haya ukingoja kupangiwa maisha. Ukisema nyumbani kwamba unataka kufundisha nasari, huenda wenzako wakacheka. Kumbuka kwamba wale waliokuja Kabete mwaka 1925 kusomea kazi ya shule za kijijini walikuwa wanaume, na hakuna aliyewacheka. Kazi ni ile ile. Kilichobadilika ni macho ya wanaoitazama.

Wahenga walisema samaki mkunje angali mbichi. Sisi tumewapeleka wanaume kwenye samaki aliyekwisha kukauka, kisha tunashangaa hakunjiki. Rudi kwenye karatasi yako ya jioni, msomaji. Kama upande wa wanaume ni mtupu, usimlaumu madam aliyejaza upande wa pili. Mshukuru. Kisha uende shuleni ukaulize wenzake wa kiume wako darasa gani.